Namba 2147483647 si laini ya tapeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ijumaa iliyopita ulichapisha barua ya msomaji wa Iringa aliyewaonya wananchi wajihadhari na namba 2147483647. Alieleza kwamba ameikuta kwenye orodha ya wanachama wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, watu wote wameandikiwa hiyo hiyo, na alipoipiga haikupatikana. Akahitimisha kwamba ni laini ya matapeli waliovamia simu za watu, na akashauri atakayekutwa nayo apelekwe polisi.

Namwelewa ndugu yangu huyo. Fedha za watu si jambo la mzaha, na aliyewahi kutapeliwa hushtuka hata na kivuli. Lakini namba ile haina laini wala mwenyewe, na nimeshaona kwa macho yangu ikimtia matatani mtu asiye na hatia. Sitaki yatokee Iringa yaliyotokea kwetu.

Nimefundisha hesabu shule za sekondari kwa miaka 34. Sasa nimestaafu, niko Muheza, nina michungwa yangu michache, na wenzangu wamenichagua kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya chama chetu cha akiba na mikopo. Jina la chama sitalitaja, kwa kuwa mambo yalikwisha na watu wakasameheana.

Mwaka juzi, siku tisa kabla ya mkutano mkuu, tulitaka kuwatumia wanachama meseji ya kuwajulisha gawio lao. Karani wetu, binti wa miaka 23, akachapa orodha kutoka kwenye kompyuta. Wanachama 312. Majina sawa, hisa sawa, akiba sawa. Safu ya namba za simu ndiyo iliyotutoa jasho: 2147483647, 2147483647, 2147483647, toka mtu wa kwanza hadi wa mwisho, kurasa tisa.

Mhazini akashika kichwa. Mtu akaipiga, haipatikani, na hilo likachukuliwa kuwa ushahidi: mwizi kazima simu. Kabla ya saa sita mchana habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba karani kaweka laini yake ya siri kwa watu wote, ili gawio likitumwa kwa simu limwangukie yeye. Akaambiwa aache funguo mezani, aende nyumbani asubiri. Jioni mama yake alikuja kwangu, kajifunga khanga kiunoni, hata kukaa hakutaka.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Huyu mtoto umemfundisha wewe. Niambie kama ni mwizi."

Nikamwambia aniletee ile karatasi.

Hapa inabidi nieleze jambo la darasani. Kila mwaka nilipofika kwenye mada ya vipeo, nilikuwa na zoezi moja ambalo sikuwahi kuliacha. Naandika 1 juu kabisa, kushoto mwa ubao. Mwanafunzi anakuja, chini yake anaandika mara mbili yake, 2. Mwingine anaandika 4, mwingine 8. Ikifika mistari minane tunahamia safu ya pili. Safu nne za mistari minane zinaujaza ubao wa darasa vizuri, na namba ya mwisho, chini kulia, ni 2,147,483,648. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31. Kisha nauliza: jumlisheni zote zilizotangulia, hiyo ya mwisho msiiguse, mtapata ngapi? Wengi wanaanza kujumlisha kwa nguvu. Kuna mmoja au wawili wanaorudi kutazama mwanzo wa ubao: 1 na 2 ni 3, imepungua moja kufika 4, 1, 2 na 4 ni 7, imepungua moja kufika 8. Basi jibu la ubao mzima linapungua moja tu kufika ile ya mwisho. Ni 2,147,483,647.

Jibu hilo nimelitia vema kwenye madaftari ya watoto kwa miaka 34. Naweza kuliandika gizani. Kwa hiyo mama yule aliponipa karatasi, mimi sikuona namba ya simu. Niliona jibu la zoezi langu, limeandikwa mara 312.

Kompyuta haihesabu kwa tarakimu kumi kama sisi, inahesabu kwa 0 na 1 tu. Mifumo mingi hutenga nafasi 32 kwa ajili ya namba nzima. Nafasi moja inashika ishara, kama ni chanya au hasi, zinabaki 31. Ukizijaza zote 31 kwa 1 umefika mwisho wa chombo, na thamani yake ni 1 jumlisha 2 jumlisha 4 jumlisha 8 hadi nafasi ya thelathini na moja, yaani ubao wangu ule ule. Ni kama debe la mahindi. Likishajaa, hata ukilimiminia gunia zima, ndani litabaki debe moja. Kuna programu za kutunza kumbukumbu ambazo zikipewa namba iliyozidi chombo hazilalamiki, zinaandika ile kubwa kabisa zinayoweza kuibeba, na kazi inaendelea.

Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa kamili, na 255 mbele, ina tarakimu 12. Ni zaidi ya bilioni 255, na debe lenyewe ni la bilioni mbili na ushei. Zamani chama chetu kiliandika namba zinazoanza na 07, ambazo kwa kompyuta ni milioni mia saba na kitu, zikaenea, isipokuwa ile sifuri ya mbele ilipotea. Fundi alipoongeza 255 ili meseji ziweze kwenda, zote zilimwagika, likabaki debe.

Kesho yake asubuhi niliwaomba viongozi waje ofisini. Sikutaka kuwahutubia. Nilimwomba mwenyekiti aketi kwenye kompyuta, aingize namba yake ya simu kwa vidole vyake mwenyewe, tarakimu zote 12, ahifadhi, kisha afungue ukurasa upya. Akafanya. Ikatoka 2147483647. Akaingiza ya mkewe. Ikatoka ile ile. Mhazini akasema asogee, akaingiza ya kwake, pole pole, huku akiisoma kwa sauti tarakimu moja moja. Ikatoka ile ile. Mhazini aliondoa mikono kwenye kibodi, akakaa kimya. Mchana huo binti alirudishiwa funguo, na kwenye mkutano mkuu aliombwa radhi mbele ya watu wote.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Iringa, mwambieni fundi wenu aibadilishe ile safu, iwe ya maandishi badala ya namba. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, haina sababu ya kutunzwa kama namba. Na msiishie hapo. Namba za awali zilizomwagika hazimo tena kwenye mashine, rudini kwenye fomu za karatasi mziingize upya. Sisi ilituchukua siku nne.

Kwa upande wa tahadhari barua yangu imekwisha, Mhariri, lakini naomba usiikatie hapa. Yule binti, siku tulipokuwa tunaingiza namba upya kutoka kwenye fomu, aliniuliza: "Mwalimu, hivi hii namba inagawanyika kwa ngapi?" Nikamjibu: kwa 1 na kwa yenyewe, basi. Ni namba tasa. Akaacha kuandika, akaniangalia. Swali lake lililofuata ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika hesabu: "Umejuaje?"

Kwanza jina lenyewe. Tasa kwa Kiswahili ni asiyezaa, na darasani nimekuwa nikiwaambia watoto jina hilo lisiwapotoshe, maana namba nyingine zote zimetokana na hizi. Wanachama wetu 312 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 13, na hakuna namba tasa nyingine zitakazozidishwa zikatoa 312. Namba kubwa au ndogo, kila moja ina ukoo wake mmoja tu wa namba tasa. Ndiyo maana kuijua namba kuwa ni tasa si jambo dogo: umefika kwenye mzizi.

Sasa umejuaje? Njia tuliyofundishwa shuleni ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi ufike kipeuo chake cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaitoa. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na kitu, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Ukigawanya kwa mkono mara kumi kila siku, bila kupumzika Jumapili, unamaliza mwaka na miezi kadhaa. Na ukikosea mara moja tu, hujui chochote.

Aliyeimaliza kazi hiyo ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, mwaka 1707, ambaye miaka yake ya mwisho aliishi St. Petersburg, Urusi. Jicho lake la kulia liliharibika akiwa na miaka thelathini na kidogo. Kufikia mwaka 1772, jibu lake lilipochapishwa, jicho la pili nalo lilikuwa karibu limekwisha. Alifanya hesabu kichwani na wasaidizi wakamwandikia. Na jibu lenyewe, Mhariri, lilitoka kwa njia ya barua aliyomwandikia mwanahesabu mwenzake wa ukoo wa Bernoulli.

Euler hakugawanya mara 4,700. Nitaonyesha alivyofanya kwa kutumia ndugu mdogo wa namba hii, 8191, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 13, toa 1. Kwa njia ya shule ungeigawanya kwa namba tasa 24, kuanzia 2 hadi 89. Lakini kuna kanuni: namba tasa yoyote inayoigawanya 8191 bila baki lazima iwe kigawe cha 26 (yaani 26, 52, 78 na kuendelea), jumlisha 1. Hiyo 26 ni 13 mara mbili. Chini ya 90 namba za namna hiyo ni tatu tu, 27, 53 na 79. 27 si tasa, itupe. Gawanya 8191 kwa 53, baki 29. Gawanya kwa 79, baki 54. Umemaliza, 8191 ni tasa. Mara mbili badala ya mara 24, na huhitaji hata kikokotoo.

Kanuni hiyo inatoka wapi? Chukua 23. Anza na 2, ongeza maradufu, na kila ukiivuka 23 itoe. Unapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Hatua kumi na moja, umerudi kwenye 1, na ukiendelea utazunguka njia hiyo hiyo milele. Maana yake 2 kwa kipeo cha 11 ikigawanywa kwa 23 inabaki 1. Basi ukiitoa hiyo 1, yaani ukichukua 2047, inagawanyika kabisa. Na Mfaransa Pierre de Fermat, karne ya 17, alishagundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyokuwa 2, ukitembea hatua pungufu moja ya namba yenyewe, hapa hatua 22, lazima uwe kwenye 1. Kwa hiyo mzunguko wa 11 hauna budi kuingia ndani ya 22 mara kamili, bila kukatika. Ndipo 23 inapokuwa 2 × 11 + 1. Namba 2047 ni 23 × 89, na 89 nayo ni 8 × 11 + 1. Jaribuni kwa kidole kwenye mchanga, mtaona mzunguko unavyorudi.

Hapo pia pana onyo. 11 ni tasa lakini 2047 si tasa. Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyechapisha orodha ya namba za aina hii mwaka 1644, alisema 31 inatoa namba tasa, na akasema 67 nayo inatoa. Kwa 31 alipatia. Kwa 67 alikosea, na kosa lilikaa karne mbili na nusu kabla halijafunuliwa lote. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba ile si tasa, bila kuvijua vigawo vyake. Mwaka 1903, kwenye kikao cha wanahesabu New York, Frank Nelson Cole alivitoa. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, upande mmoja akaandika 2 kwa kipeo cha 67 toa 1, akaikokotoa, ikawa 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, ikatoka ile ile. Akarudi kukaa bila kutamka neno. Nimemkumbuka sana siku ile mhazini wetu alipoinua mikono kwenye kibodi.

Turudi kwa Euler. Kwa 2,147,483,647, kigawo tasa lazima kiwe kigawe cha 62, jumlisha 1. Naye alikuwa na kanuni ya pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8, baki iwe 1 au 7, si vinginevyo. Pitisha namba kwenye nyungo hizo mbili uone kinachobaki. Kuanzia mwanzo hadi 1303, namba tasa zinazopita ni mbili tu: 311 na 1303 yenyewe. Ukigawanya 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092, baki 35. Kwa 1303 unapata 1,648,107, baki 226. Ukienda hivyo hadi 46,340, namba za kujaribu hazifiki mia moja. Kazi ya zaidi ya mwaka imekuwa ya siku chache, na mtu aliyekaribia kupofuka kabisa ameweza kuifanya.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kitabu, na humo akaitaja namba hii. Alikuwa anazungumzia namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaitoa yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya aina ya Mersenne inazaa namba kamilifu moja. Ya kwetu ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni kamilifu. Barlow akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, maana namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na haelekei kutokea mtu wa kutafuta zaidi.

Barlow alikuwa mwanahesabu wa kuheshimiwa, lakini kwa hili alikosea mara mbili. Faida ipo. Watengenezaji wa programu waliitumia namba hii hii, kwa kuwa ni tasa, kutoa namba nasibu, yaani zinazoonekana kama za kubahatisha. Unachukua namba yoyote ndogo kuliko hiyo, isiwe sifuri, unaizidisha kwa 16,807, unagawanya kwa 2,147,483,647, unashika baki, kisha unarudia. Namba 16,807 ni 7 kwa kipeo cha 5. Mwendo huo unapita kwenye namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulipoanzia, haurudii hata moja njiani. Kama ile ya kugawanyia isingekuwa tasa, usingezipita zote.

Na watafutaji walitokea. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, akishirikiana na watu wa nchi nyingi wanaochangia kompyuta zao katika mradi uliokuwapo tangu 1996, alitangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwenye gazeti lako, Mhariri, ukurasa mmoja ubebe tarakimu elfu ishirini, utahitaji zaidi ya kurasa elfu mbili. Ni kubwa kuliko zote zinazojulikana. Neno "zinazojulikana" nawaomba wahariri wasilikate, hata nafasi ikibana, kwa sababu kubwa kuliko zote haipo. Eukleide wa Ugiriki aliionyesha sababu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: zizidishe namba tasa zote ulizo nazo, ongeza 1, na hiyo mpya haigawanyiki kwa hata moja kati ya zile. Ama ni tasa yenyewe, ama ina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu 2147483647 ambalo huniliwaza nikiwa peke yangu. Anza na 5. Ni tasa. Chukua 2 kwa kipeo cha 5, toa 1, unapata 31. Ni tasa. Chukua 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, unapata namba yetu. Ni tasa. Moyo unataka kuendelea: 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1? Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, hakuna anayeweza kuisoma. Lakini kanuni ile ile ya Euler inaifikia. Kigawo chake chochote lazima kiwe kigawe cha 4,294,967,294, jumlisha 1. Ukiizidisha hiyo 4,294,967,294 kwa 68,745, kisha ukaongeza 1, unapata 295,257,526,626,031, nacho ni kigawo kinachoigawanya bila baki. Mnyororo umekatika hapo. Namba ndefu kiasi hicho, na tunakijua kigawo chake, chenye tarakimu 15 tu.

Na si vyombo vyote vya kompyuta vinavyoishia kwenye namba tasa. Chombo cha nafasi 16 kinaishia 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Chombo kipya cha nafasi 64 kinaishia 9,223,372,036,854,775,807, inayogawanyika kwa 7. Hiki cha nafasi 32 kimeangukia kwenye namba ya Euler kwa kuwa nafasi zilizobaki baada ya ishara ni 31, nayo 31 ni miongoni mwa zile chache zinazokubali.

Debe hili litatukuta tena. Kompyuta nyingi hupima muda kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa. Zile zinazotunza hesabu hiyo kwenye nafasi 32 zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata haitakuwa na mahali pa kuandikwa. Vyama vya akiba vinavyotumia mifumo ya zamani viwaulize mafundi wao mapema, maana mkopo wa miaka kumi na tano uliotolewa leo unaivuka tarehe hiyo.

Mhariri, naomba mawili. La kwanza, uchapishe barua hii pahala pale pale ilipotoka ile ya Iringa, ili walioogopa wafikiwe. Nina hofu kwamba hivi sasa, katika chama kimoja mahali fulani, kuna karani ameachishwa kazi kwa sababu ya kosa la chombo kujaa. La pili, gazeti lako lina ukurasa wa mashairi na ukurasa wa michezo, navyo navipenda. Tupe nafasi ya inchi nne kwa wiki kwa ajili ya hesabu, kwa Kiswahili. Walimu wa kuijaza tupo, na wengi wetu hatudai malipo.

Kwa msomaji aliyebaki na shaka, achukue karatasi, agawanye 2,147,483,647 kwa 311. Akipata baki isiyokuwa 35, aniandikie kupitia gazeti hili, atume na njia aliyoifuata, tutaipitia pamoja mstari kwa mstari.

Ndimi wako,
Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Muheza, Tanga